Bondo Ndani ya Mpira

Jumatatu, 7 Mei 1984
Fsss. Tangu jana mlio huo haujanitoka masikioni. Ni pumzi ya mwisho ya mpira wa kikapu wa chuo, na sindano ya magunia ilikuwa mkononi mwangu, wenzangu wakiwa kanisani. Chuo kizima kina mpira mmoja. Wanaume wanaufanyia mazoezi siku nne. Sisi wanawake Ijumaa tu, tukishafagia uwanja. Na dizeli ya kwenda mashindano ya Bunda inatosha timu moja! Mwalimu Felisian atachagua Alhamisi, akishatutazama wote. Mpango: wanaume wakose mpira; mimi, nahodha wa wanawake, niuzibe Alhamisi na kuonekana mwokozi. Safi kabisa.

Jumanne, 8 Mei
Fundi baiskeli wa Mwisenge hana gundi wala kiraka. Anasema aliviona mara ya mwisho kabla ya vita. Hili sikuwa nimelifikiria. Danford, nahodha wa wanaume, amewafungia wenzake mpira wa matambara. Haudundi, lakini kikapuni unaingia. Watu wasio na aibu.

Jumatano, 9 Mei
Nimepata! Kwenye soko la samaki la Mwigobero, mama mmoja alikuwa akipasua sangara mkubwa kama mbuzi. Tumboni, bondo: mfuko wa hewa, mweupe, imara. Nikamwomba. Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa.

"Hilo tunalitupaga, mwanangu. Chuoni mmefikia kula hilo?"

Nikamwambia ni kwa ajili ya elimu. Nimelipenyeza ndani ya ngozi ya mpira, nimelijaza kwa pampu ya baiskeli, nimefunga kamba. Linadunda! Robi, rafiki yangu na mchezaji wetu bora, anauliza mbona paka wa jikoni ananifuata. Wivu.

Alhamisi, 10 Mei
Jua kali. Paka wanne pembeni ya uwanja. Robi akaruka, akatupa, mpira ukagonga chuma na kupasukia kifuani kwa Mwalimu Felisian. Shati lake la pekee la tetroni! Akajifuta taratibu, akauliza kazi hii ni ya nani. Nikajibu upesi kwamba aliyeurusha ni Robi. Kweli tupu.

Robi hakubisha. Baadaye akaniambia, "Mwenzangu, hata lawama hiyo ningeibeba. Ungeniambia tu kwanza."

Wanaume wanakwenda Bunda.

Ijumaa, 11 Mei
Timu imepiga kura. Robi, nane. Mimi, moja, na mwandiko wake ninaujua: ni wangu. Nahodha mpya ameanza kwa kumwomba Danford tufanye mazoezi pamoja kwa mpira ule wa matambara. Danford amekubali. Hata kufagia, watafagia nao. Kuomba! Mtu anaombaje kitu ambacho ni haki yake?

Jumamosi, 12 Mei
Gari limeondoka, wanaume wakiimba, Robi akiwapungia mkono. Nimejichunguza sana. Mpango haukuwa na kasoro. Watu wa kikapu ndio hawaoni mbali. Netiboli wana mipira miwili, na nahodha wao, Wegesa, ni mpole mno. Asubuhi nimejiandikisha kwao. Kufikia chakula cha mchana nilikuwa nimeshamnong'oneza kila mchezaji, mmoja mmoja, yale ambayo Wegesa humsema mchezaji huyo akimpa kisogo.