Mamamkwe Ndani ya Gari la Mkate

Jumatatu, 4 Agosti

Nimerudisha ufunguo wa nyumba ya Komarock. Mimi, Kweyu, sasa ni mtu huru. Kuanzia leo mke wangu Muhonja na mimi tunaishi ndani ya gari. Zamani lilibeba mikate. Sasa limebeba kitanda, jiko dogo la gesi, sufuria mbili, viti viwili vya kukunja na pazia la maua. Tutazunguka nchi polepole na kulala tunapopenda. Maisha mepesi. Hakuna mwenye nyumba, hakuna foleni ya maji.

Muhonja hakufurahi kama nilivyotarajia. Ananipa hadi Jumapili. Jumapili ikifika na gari halijatoka Nairobi, anarudi kupanga nyumba, nami nitachagua wa kuishi naye, yeye au gari. Nikamwambia Jumapili tutakuwa tunatazama Ziwa Victoria. Akasema sawa. Hiyo sawa sikuipenda.

Jirani yetu Maingi, mchonga vinyago, ndiye aliyetengeneza kitanda. Amenichongea pia kibao kizito chenye jina la gari: RAHA MSTAREHE. Nimekifunga mbele kabisa, juu ya matundu ya redieta, ili nchi nzima ikisome. Muhonja, aliyeendesha basi la shule miaka mingi, alisema hapo ndipo injini inapopatia hewa. Akasema pia kwamba yuko tayari kuendesha. Nikamjibu kwamba mwanamume huendesha nyumba yake mwenyewe.

Jumanne, 5 Agosti

Tumesafiri! Tumefika Njiru.

Muhonja amesema watu wa Komarock huja Njiru kununua vitunguu na kurudi kabla sufuria haijachemka. Kilichochemka ni injini. Moshi, mvuke, kelele. Nimelaumu mlima. Muhonja ameuliza ni mlima upi. Ameangalia kibao, kisha akaniangalia mimi.

Harufu ya mkate bado haijatoka garini. Tulipoegesha, wenye vioski walikuja mmoja mmoja. Mama mmoja amegonga dirisha akidai mikate yake ya asubuhi, na nilipomwonyesha kitanda aliondoka akisema kampuni siku hizi zimeharibika.

Bafu langu halijafaulu sana. Nimefunga bomba jeusi juu ya paa ili jua lichemshe maji. Nilisahau kwamba Agosti Nairobi haina jua. Nimeoga kwa heshima tu, nikitetemeka. Muhonja amekwenda kuomba maji ya moto kwa yule mama wa mikate. Sasa ni marafiki.

Jumatano, 6 Agosti

Tumerudi Komarock. Si kushindwa. Ni kujipanga upya.

Nimeegesha mbele ya karakana ya Maingi. Maingi ameacha twiga wake nusu shingo, akaja na patasi mkononi. "Sasa, kapteni, mmefika Mombasa ama ni Njiru tu?" Nimefungua boneti na kuitazama injini kama mtu anayeielewa.

Kisha pigo. Mamamkwe, Mama Khavere, amepiga simu kutoka kwao Mbale, magharibi mwa nchi. Amesikia kwamba binti yake analala garini kama makanga wa basi aliyekosa nauli. Yuko njiani. Anafika kesho.

Niandike tatizo waziwazi. Kwetu mamamkwe haingii chumba anacholala mkwe wake. Hata kuchungulia ni aibu. Hata mkono hatupeani. Katika nyumba ya kawaida ni jambo rahisi, yeye anakaa sebuleni na chumba kinafungwa. Lakini nyumba yangu ni chumba kimoja, na chumba chenyewe ni kitanda. Nilipima kila kitu kabla ya kuhama. Mamamkwe sikumpima.

Muhonja amesema mama yake akiondoka na picha mbaya, basi hata hiyo Jumapili haitangojwa. Nimeogopa. Naandika hivyo kwa sababu hakuna anayesoma. Nampenda huyu mwanamke, na gari nalipenda pia, ila si kwa kiasi hicho.

Alhamisi, 7 Agosti

Amefika. Amekuja na mkungu wa ndizi na kuku mweupe aliyefungwa miguu. Ameketi kwenye kigoda cha Maingi, nje, akilipa gari mgongo. Ploti nzima imetoka kutazama. Hata wale ambao hawajanisalimia tangu mwaka jana wamekuja kuuliza mgeni anaendeleaje.

Mamamkwe hazungumzi nami moja kwa moja. Anazungumza na kuku. Amemwambia kuku kwamba dunia ina mambo, mtu anaacha nyumba yenye choo anahamia kwenye kopo. Kuku hakunitetea.

Mpango wa kwanza: pazia. Nimelifunga nyuma ya viti vya mbele, nikatangaza kwamba huko mbele sasa ni sebule. Nimeweka hata kitambaa juu ya usukani. Mamamkwe amesogea, ameinama, amemuuliza kuku nyuma ya pazia kuna nini. Muhonja akajibu, kitanda. Akauliza, cha nani? Hapo kila mtu akaanza kutazama viatu vyake. Mamamkwe akarudi kwenye kigoda.

Maingi akajitokeza, safi kama mhubiri, akampa chumba chake na shuka mpya. Yeye atalala kwa ndugu yake. Mamamkwe amemwita "mwanangu." Mimi, miaka yote hii ya ndoa, sijawahi kuitwa hivyo, hata kupitia kuku.

Ijumaa, 8 Agosti

Mpango wa pili, na huu una akili. Tatizo si gari, tatizo ni kitanda. Toa kitanda, chumba cha kulala kinakwisha. Nimefungua skrubu zote. Nimekipandisha kitanda juu ya paa na kukifunga kwa kamba. Godoro kwa Maingi. Muhonja amefagia. Nimechoma ubani kidogo kuondoa harufu ya mkate na ya mkwe.

Mamamkwe amelizunguka gari lote akimbeba kuku kwapani. Amechungulia mlangoni. Amemwambia kuku kwamba chumba kisicho na kitanda ni chumba kama vingine. Kisha akapanda!

Ameketi kwenye kiti changu cha kukunja. Amesifu dirisha. Muhonja amemchemshia chai kwenye lile jiko dogo na mvuke ukatanda kwenye kioo. Mamamkwe amevua viatu. Nimewasikia wakicheka huko ndani, wote wawili, kicheko ambacho Muhonja hajakitoa tangu Jumatatu. Nimesimama nje moyo wangu ukijaa. Nilijua. Nilisema tangu mwanzo kwamba hapa pana raha.

Nikataka kuingia kuchukua kikombe changu. Muhonja akanizuia mlangoni. Mle ndani magoti yanagusana. Nitakaaje goti kwa goti na mamamkwe? Kwa hiyo siwezi kuingia nyumbani kwangu. Na mamamkwe amesema hashuki, amepapenda; atalala humo na Muhonja, godoro likiwa sakafuni.

Maingi amerudi chumbani kwake, nami nitalala karakanani, kwenye maranda. Maingi amenipa twiga nimwegemee.

Jumamosi, 9 Agosti

Kesho ndiyo Jumapili. Nimeitisha mkutano, mimi nikiwa nje na wao ndani. Nimependekeza tumrudishe Mama Khavere Mbale kwa gari letu. Nairobi tutakuwa tumeiacha, ahadi itakuwa imetimia, na mama atasafiri kwa starehe. Wamekubali. Kuku naye hakupinga.

Kisha likazuka swali la dereva. Nikiendesha mimi, nitaketi wapi nisikaribiane na mamamkwe? Akikaa mbele, atakuwa ubavuni mwangu. Akikaa nyuma, atakuwa akitazama kisogo changu hadi Mbale. Nimejitolea kusafiri juu ya paa, kitandani. Maingi ameuliza kama nimewahi kukutana na polisi wa barabarani. "Boss, utashukishwa hata hujafika lami."

Muhonja akanyoosha mkono. Nikampa ufunguo, kwa muda tu, ajaribu kuligeuza.

Amelitoa kwenye kichochoro kile nilichokwaruza pande zote mbili. Amelitoa kinyumenyume, kwa mkono mmoja, mwingine ukishika kikombe cha chai. Ploti ikapiga makofi. Nami nikapiga, polepole.

Kabla ya kulala amechukua bisibisi, akakitoa kibao. Amenikabidhi.

Jumapili, 10 Agosti

Wameondoka baada ya ibada ya kwanza. Muhonja alishusha kioo akasema nije kwa basi, tukutane Mbale, na kutoka huko tutaendelea wote wawili, kitanda kikiwa kimerudi mahali pake. Alisema kwa upole kabisa. Hata alinishika mkono.

Nikamwambia kapteni hafuati merikebu yake kwa basi.

Akasema sawa. Ni ile ile ya Jumatatu. Kisha akatia gia.

Nilisimama barabarani hadi kitanda cha juu ya paa kikapotea. Nimeumia. Mkono bado ulikuwa na joto lake.

Alasiri imekuja picha kwenye simu. Ni pembeni mwa barabara, mbele ya Nakuru. Mamamkwe yuko kwenye kiti changu, shali mabegani, anakunywa chai akitazama milima. Kuku amefunguliwa, anadonoa majani. Muhonja ameandika kwamba injini haijachemka hata mara moja. Ameandika pia kwamba mama amemwambia kuku hivi: mwenye kuitengeneza nyumba hii ana akili, angekuwepo ningemwambia mwenyewe.

Nimeisoma mara nyingi kuliko nitakavyokiri. Maingi alipita, akasoma begani mwangu, akasema basi la jioni bado lina nafasi, nisijifanye mjinga. Nikamjibu kwamba mambo ya safari ayaachie wasafiri.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeamka na maranda masikioni, nikiwa na mawazo safi. Nimeona kosa lilikuwa wapi. Gari lilikuwa kubwa mno. Gari kubwa linaita wageni.

Kuna jamaa mtaa wa Baba Dogo anauza tuktuk, ile ya magurudumu matatu. Nimekwenda kuiona. Ndani kinaingia kitanda kimoja chembamba, jiko, na mimi. Mamamkwe haingii hata kwa bahati mbaya. Muhonja naye haingii, lakini akiiona atafurahi, nami nitamfuata Mbale kwa heshima, kwenye chombo changu, bila kupanda basi la mtu.

Muuzaji anasema haijawahi kuchemka. Nimekwenda na kibao, nikakipima pale nyuma, kwenye matundu ya hewa ya injini. Kimeenea vizuri sana.