Paking Nane na Mashine ya Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Juni

Naandika haya kwa sababu kuna njama. Siku itakapojulikana nataka kuwe na ushahidi.

Jumba langu hapa Free Area limekwisha. Ghorofa tatu, rangi imekauka, maji yanapanda mpaka juu. Leo kaunti wamesema hakuna kuhamia bila cheti, na hakuna cheti bila yale yaliyo kwenye ramani: paking nane na mahali pa kuchaji gari la umeme. Paking ziko mbili. Zile sita nilizijengea maduka. Gari la umeme, Free Area! Watu hapa wana punda.

Nani aliwaambia habari ya maduka? Nimefikiria tangu asubuhi. Ni Njuguna. Jumba lake limepakana na langu, lina chaja ya kweli ukutani, nyeupe, na taa ndogo ya kijani. Alipata cheti bila kelele. Hapa Nakuru nani hupata cheti bila kelele? Na kila asubuhi ananisalimia kwa jina langu. Kuna kitu.

Mimi na mke wangu Jebet tunakaa kwa mama yake tukingoja cheti. Tulimwambia ni wiki mbili. Mahindi yamepandwa, yamepaliliwa, na sisi bado tuko. Mwanaume mzima wa Kikalenjin, naoga kwa mama mkwe, mtu ambaye mila hainiruhusu hata kumtazama machoni! Nikitaka kupita sebuleni nakohoa kwanza, naye anakohoa kunijibu. Tukila naangalia sahani yangu. Leo amemwambia Jebet, kwa sauti ya kunifikia, kwamba Jumamosi dada zake wanakuja kutoka Sachangwan kwa maombi, na hawezi kuwaeleza mkwe anafanya nini ndani ya nyumba. Kama sijahama, kuna stoo ya kuku.

Hakutaja kuku. Alitaja stoo. Lakini mimi najua nani anaishi mle.

Jumanne, 3 Juni

Njuguna amenifuata kwa geti. Ati kaunti wanakubali majirani kutumia chaja moja wakiandikiana mkataba. Ati yake ina nyaya mbili na mmoja hautumiki. Mimi nibomoe maduka tu, basi, nimepata cheti. Nikamuuliza anataka nini. Akasema hataki kitu.

Hataki kitu! Mtu akikwambia hataki kitu, shika mfuko wako. Nikasema asante, tutaona. Akatabasamu. Sikupenda lile tabasamu.

Jioni nimeenda kuangalia kama godoro litaingia stoo. Nyuma ya magunia nikaikuta ATM ya maziwa ya mama mkwe, ile aliyokuwa akiuzia maziwa pale stage ya matatu. Unatia sarafu, unakinga jagi, maziwa yanatoka kwa mpira. Imekaa huko miaka. Ina urefu wa mtu, ina kioo cha namba, ina mpira mrefu. Nikarudi nyuma hatua chache, nikafumba jicho moja.

Ni chaja kabisa.

Jumatano, 4 Juni

Nimeitoa kwa mkokoteni, nikaifunika blanketi. Jebet ameuliza ni nini. Nimesema vitu vya kitanda. Blanketi lilikuwa fupi kidogo lakini watu walikuwa na shughuli zao.

Karanja, fundi wangu wa rangi, ameipaka kijani na kuichora radi ya manjano. Pia ameunganisha stima ili kioo kiwake. Ameuliza mbona inanuka maziwa ya mala. Nimemwambia betri hunuka hivyo. Amenitazama muda mrefu. Naona Njuguna ameshampata.

Kwenye milango ya maduka ameandika Paking 3 mpaka Paking 8. Kesho afisa wa kaunti akija kukagua nitasema ni gereji za ndani. Karanja amesema mlango ule unapitisha wilbaro. Nimemwambia magari ya umeme ni membamba.

Alhamisi, 5 Juni

Sijui nianzie wapi.

Afisa wa kaunti alifika, mwanamke mpole, anaitwa Safiyo. Gari lake liliingia bila sauti. Nilidhani linasukumwa. Kumbe ni la umeme! Kati ya maafisa wote, nimeletewa mwenye gari la umeme. Hiyo si bahati, hiyo imepangwa.

Akafurahi kuona mashine. Akaomba achaji kidogo kwa sababu ametoka Naivasha. Nikamwambia leo stima zimepotea. Akaangalia kioo cha mashine, kinawaka. Akaniangalia na mimi.

Ndipo akaja mama mmoja na jagi. Nyuma yake mwingine na chupa. Halafu yule muuza chai na jerikeni, na wengine, wakapanga laini. Walikuwa wameiona jana ikipita kwa mkokoteni. Mtaa mzima unaijua mashine ile kwa mbonyeo ulio ubavuni, pale ng'ombe aliipiga teke. Yule wa mbele akamshukuru Mungu kwamba maziwa yamerudi, akatia sarafu kabla sijamshika mkono.

Mashine ikaguna. Mpira ukatikisika, ukatoa kitu ambacho zamani kilikuwa maziwa. Kikaangukia kiatu cha Safiyo.

Mwisho wa laini alikuwa amesimama mama mkwe. Kuna mtu alikuwa amempigia simu kumpa hongera. Akaniangalia machoni, jambo ambalo hajalifanya tangu harusi. Nilitamani ardhi ipasuke. Akasema tu, kwa hivyo bado inafanya kazi.

Safiyo akaomba nimfungulie Paking 4. Ilikuwa na magunia ya saruji na ngazi. Amesema hakuna cheti mpaka maduka yabomolewe na chaja iwe chaja. Alisema kwa upole, akifuta kiatu.

Nani aliwatuma wale akina mama na majagi? Nyote mnajua.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika nikiwa stoo. Wageni wa Sachangwan wanaimba vizuri. Kuna kuku mmoja mwekundu ananiangalia tangu nilipoingia.

Jebet ameniletea chai. Amesema ploti iko kwa jina lake, na ni kweli, niliiandika hivyo ndugu zangu wasiifuatilie. Amesema ameshaandikiana na Njuguna mbele ya Safiyo, na Jumatatu maduka yanabomolewa. Nikamuuliza Njuguna anapata nini. Akasema anapata majirani. Nikamuuliza tena. Akachukua kikombe chai ikiwa nusu.

Nimeona aibu, siwezi kukataa. Ilinikaa kifuani mpaka wimbo wa tatu.

Jumatatu, 23 Juni

Tumehama! Cheti kiko ukutani.

Duka moja limebaki, la saba, lile la pembeni ambalo ramani iliruhusu tangu mwanzo. Jebet amempa mama yake. Karanja ametengeneza pampu, na mashine inauza maziwa, kijani vilevile na radi yake. Laini inafika barabarani. Safiyo huja kuchaji kwa Njuguna, akingoja ananunua maziwa. Na kwa sababu mashine haiwezi kuachwa peke yake, mama mkwe amechukua chumba cha chini. Sasa nakohoa kwenye ngazi zangu mwenyewe.

Jana Njuguna alituletea debe la viazi. Bure tena. Basi nikaelewa. Ile taa ya chaja yake ikiwaka, balbu yangu ya jikoni inafifia. Anavuta stima yangu kupitia ukuta! Viazi ni vya kuninyamazisha. Nimekula, lakini sijanyamaza.

Dawa ni kuivuta irudi. Nimetoboa tundu dogo ukutani, upande wa chaja. Karanja amekataa kazi hiyo, amesema ana watoto. Nitaifanya mwenyewe, waya mrefu ninao.

Mama mkwe amenikuta nikiupitisha uani, akauliza ni wa nini. Nimemwambia ni kamba ya kuanikia nguo.

Amenishukuru sana. Amekwenda kuleta mashuka yake, anasema bado yanatiririka maji.