Sera za Marekani, China na Urusi kwa Matumizi ya Mtaa Wetu

Jumatatu, 4 Machi 2024
Nimekamilisha ulinganisho wangu wa sera za usalama wa mtandao za dola kuu. Marekani: anayeshambuliwa atoe taarifa. China: jina halisi, na maneno yakaguliwe mlangoni. Urusi: nchi iweze kujitenga na mtandao wa nje. Hakuna aliyeniomba kazi hii. Kasoro ya dunia. Wakati wa vita niliandikia ombi kila jeshi lililoingia mji wetu wa Kindu. Hakuna lililojibu, ishara kwamba hoja zangu zilikuwa nzito. Nitaanza na kundi la WhatsApp la mtaa wetu, hapa Alunguli, ambalo ninalisimamia. Jumapili ni uchaguzi wa msimamizi. Mpinzani wangu ni Mbaraka, fundi wa pikipiki, mtu asiyejua matumizi ya mkato.

Jumanne, 5 Machi
Marekani. Nimeagiza kila aliyeshambuliwa aripoti. Bernadette ameripoti mbuzi wa Youssouf, aliyeingia katika mihogo yake. Youssouf ameripoti fimbo ya Bernadette. Marekani haitufai.

Jumatano, 6 Machi
China. Sasa ni mimi pekee ninayeweza kuandika kundini. Wengine wananitumia ujumbe faraghani, kwa jina kamili na namba ya kadi ya mpiga kura; nikiridhika, nautangaza. Mbaraka amenisimamisha njiani: “Papa Djamali, hii njo groupe ao njo douane?” Nimemtaka awasilishe swali lake, kama hili ni kundi au forodha, kwa maandishi.

Ijumaa, 8 Machi
Asubuhi, ujumbe: “Bibi amefariki. Tunazika leo saa kumi. Mbaraka.” Jina nusu. Namba hakuna. Bibi yupi, haikuelezwa. Tena siku mbili kabla ya uchaguzi. Shambulio la kisasa huja limevaa huzuni. Nimeurudisha ukarekebishwe.

Jioni. Bibi Rachida, bibi yake Mbaraka, amezikwa kweli. Zawadi, mke wangu, amepata habari sokoni, maziko yakiwa yamekwisha. Anasema waliobeba jeneza walikosa watu wa kuwapokea, ilhali marehemu hakuwahi kukosa matanga ya mtu. Nimemweleza kwamba mfumo umefanya kazi yake. Amehamia chumba cha watoto.

Jumapili, 10 Machi
Tangu alfajiri wanachama wanajiondoa. Bernadette. Youssouf. Wote wameingia kundi jipya la Mbaraka. Wa mwisho alikuwa Zawadi, akiwa jikoni kwangu. “Ulifunga mulango,” alisema, “sasa ubakie na funguo.”

Uchaguzi umefanyika kwa wakati uliopangwa. Nimepata kura zote.

Jumatatu, 11 Machi
Ni Urusi! Bila hata kukusudia, kundi limejitenga kabisa na mtandao wa nje. Tangu jana hakuna shambulio lolote. Nimemwandikia gavana nikipendekeza jimbo zima la Maniema liendeshwe hivyo.

Zawadi amepita na sinia ya wali, akielekea khitima ya Bibi Rachida. Nimemwomba amfikishie Mbaraka rambirambi zangu. Amesema niende mwenyewe, ni nyumba ya tatu. Nimemjibu kwamba dola iliyojitenga haiendi matangani.