Krismasi Iliyohamishiwa Matema Bila Ruhusa Yangu

Bujonde, Kyela
Desemba, wiki ya kwanza

Kwa Mtendaji wa Kata.

Ndugu Mtendaji,

Ugonile. Mimi ni mzima, na mke wangu Tusekile ni mzima, ingawa amekataa kukaa nimsomee barua hii. Jina langu ni Mzee Anyosisye Mwaijande, mwenye nyumba ya kwanza ya tofali za kuchoma upande huu wa mto. Shule niliishia darasa la tatu, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa. Naandika kwa heshima kumshtaki mwanangu Aliko, fundi wa sola, ambaye ameanzisha Krismasi yake mwenyewe kule Matema, ufukweni mwa ziwa, yeye na mke wake na mtoto wao, wakati Krismasi ipo tayari hapa kwangu na wala haijaharibika.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangu nioe, Krismasi ya ukoo huu inafanyika uani kwangu. Nachinja mbuzi, chakula kinaletwa, nami nasimama natoa hotuba. Hotuba yangu inajulikana. Naeleza nilivyolima mpunga peke yangu mwaka wa mafuriko, nilivyochoma tofali, na nilivyombishia bwana shamba mpaka akapanda pikipiki yake akaondoka. Kuna watoto wamezaliwa hapa, wamekua, wameoa, hawajawahi kula wali wa Krismasi ukiwa wa moto, na wote wana afya nzuri. Mwaka jana Aliko hakuja. Hotuba niliitoa kwa mke wangu na kwa jirani aliyekuja kuazima ungo. Jirani aliondoka hata mafuriko hayajafika.

2. Namna wanavyoifanya hiyo Krismasi yao. Ushahidi ninao, Shabani wa dukani alinionyesha picha kwenye simu yake. Wametoka kanisani, hapo sina neno. Kisha wamezungushia mgomba vitaa vya sola, mgomba ambao bado una mkungu. Aliko amechuchumaa kwenye moto anachoma samaki wa ziwani, mbasa, mwanaume mzima, kiunoni amejifunga kanga ya mkewe. Na mkewe yuko juu ya mkeka, amenyoosha miguu, anakula. Mchana kweupe, Mtendaji. Nilimwambia Shabani aifute picha hiyo kabla vijana wengine hawajaiona. Akanijibu, "Mzee wangu, mimi Krismasi sina, lakini hiyo nimeitamani."

3. Asije mtu akasema mkamwana wangu aliteswa. Wewe umetoka mkoa mwingine, kwa hiyo nakueleza: kwetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Akisikia nakohoa, anashika njia nyingine. Siku hizi wengi wameacha, wanapeana mikono na wakwe zao kama watu waliokutana mnadani. Kwangu mila inashikwa. Siku ya Krismasi kiti changu nakiweka kati ya jiko na nyumba, maana ndipo penye upepo, na yule binti alikuwa anabaki jikoni toka asubuhi mpaka mimi niende kulala. Sahani anazipitisha dirishani. Krismasi ya mwaka juzi mvua ilinyesha, jiko likavuja, akahamia nyuma ya migomba na mtoto mchanga mgongoni, akasimama huko hadi nilipomaliza kuhutubia. Sijaona mkamwana mwenye adabu kama yule. Nilimsifu kwenye hotuba hiyohiyo, kwa sauti, ili asikie alipo.

Sasa mtu aliyesifiwa hivyo anahamaje? Nilimpigia Aliko kumuuliza. Akasema, "Tata, mke wangu hajawahi kula Krismasi akiwa ameketi." Nikamkumbusha kwamba jikoni kuna kigoda. Akasema siyo hivyo. Ni vipi basi, hakufafanua.

4. Nimechunguza Maandiko. Yusufu alipotakiwa kuhesabiwa alirudi mji wa baba zake, na mke mjamzito, na njia mbovu kuliko hii ya Ipinda wakati wa masika. Hakusema sisi tutaanzisha utaratibu wetu huku tuliko. Kwa hiyo Krismasi yenyewe ni safari ya kurudi kwa baba, na anayekula kwake amekula sikukuu nyingine isiyo na jina. Nilimweleza mke wangu jambo hili akiwa anapepeta mchele. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Na huko kwa baba zake mkewe akajifungulia zizini." Maneno hayo sijayapa namba kwa sababu siyo malalamiko.

5. Mjukuu wangu Asifiwe. Sasa anatembea, nimemwona kwenye simu. Na kusema ameanza. Majuzi Shabani alinishikia simu, mama yake akajitoa pembeni kwa adabu, Aliko akamuuliza mtoto, huyu nani? Mtoto akatazama sana. Nyuma yangu kulikuwa na sabuni na unga wa ngano. Akasema, "Duka." Mtendaji, mjukuu wangu wa kwanza ananifahamu kwa jina la Duka. Hili ndilo kubwa kuliko yote, nimeliweka la tano kwa kuwa sikutaka kuanza nalo.

6. Tukinyamaza, leo ni Krismasi, kesho ni Pasaka, keshokutwa kila mtu atafanya msiba wake peke yake nyumbani kwake bila kualika, na serikali itakosa mahali pa kuleta rambirambi.

Kwa hiyo naomba kata itunge sheria ndogo kwamba baba akiwa hai, Krismasi ya mwanawe ni uani kwa baba. Mgambo wakae njia panda ya Ipinda kuanzia mkesha, na kila kijana anayepita na mke, mtoto na samaki aulizwe baba yake anaishi wapi, kisha ageuzwe.

Nisalimie watu wa nyumbani kwako, nisalimie mgambo, nisalimie na yule mjumbe aliyenipinga kwenye mkutano wa maji, sina kinyongo naye ingawa alikosea. Ndaga fijo, yaani asante sana.

Ni mimi ninayengoja majibu,
Mzee Anyosisye Mwaijande

Nyongeza: Barua hii imechelewa kwa kukosa mtu wa kuileta, na hapa katikati Tusekile amefunga mchele na jogoo. Anasema yeye Krismasi anakwenda Matema, na anayetaka kubaki na hotuba abaki nayo. Siwezi kumwacha mwanamke asafiri peke yake. Kwa hiyo mgambo waanze kazi sisi tukishapita. Suala la mkamwana nimelimaliza mwenyewe, bila kufundishwa na mtu. Utatandikwa mkeka mmoja mrefu. Mimi nitakaa nimeelekea ziwani, yeye atakaa nyuma yangu ameelekea milimani, mgongo kwa mgongo. Hatutaonana, na wote tutakuwa tumeketi. Asifiwe atazunguka katikati akitugawia samaki. Aliko akikuuliza, usimwambie kwamba ni utaratibu mpya. Mwambie ni wa zamani sana, ila watu walikuwa wameusahau.