Kumtafutia Prefe Mke

Jumatatu, 10 Novemba 1969
Niwie radhi, daftari. Miezi miwili bila neno! Nisingelimsamehe mwanafunzi yeyote. Paka-mwitu alikula njiwa wangu sita, nikakosa moyo wa kuandika. Amebaki dume mmoja mweupe, ambaye kwa mwendo wake nimemwita Prefe, kama mkuu wa shule. Leo jike wa kijivu asiye na mwenyewe ametua ukutani, kati yangu na Constantin, fundi mstaafu wa kiwandani. Sheria ya mtaa wetu inajulikana: njiwa ni wa nyumba anamotagia. Na dume asiye na mke hakai, huhama. Prefe asipompata huyu, kizimba changu kitabaki kitupu. Atampata! Constantin ana dume mmoja tu, Kipara, mzee, mguu mmoja mbovu.

Jumatano, 12 Novemba
Nimemwogesha Prefe kwa sabuni. Amevimba, amezunguka, ameimba. Jike akamgeuzia mkia, akala mtama. Constantin akauliza kutoka kwake kama Prefe anaposa au anatafuta choo. Nikamgeuzia mgongo. Mimi nilisoma kwa mapadri.

Alhamisi, 13 Novemba
Kasoro ni rangi! Jike hupenda shingo ya kijani. Nimesaga malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, nikalichanganya na mawese, nikampaka. Mke wangu Delphine akasimama mlangoni: "Mwalimu, ule njiwa unamutafutia bibi ao unamupika na sombe?" Kisamvu! Manyoya yakagandana. Prefe akainama kumsalimu jike, akashindwa kuinuka. Jike akarukia kwa Constantin. Aibu, lakini ya muda.

Jumamosi, 15 Novemba
Nimechunguza tangu king'ora cha asubuhi cha kiwandani. Kipara haringi hata kidogo. Anaokota unyasi mmoja, anampelekea jike, anarudi kuokota mwingine. Jike anaupokea, anaukalia. Basi, bila nyasi hakuna ndoa! Nimefagia nyasi zote uani kwangu, njiani, na mbele ya nyumba ya Constantin. Amenishukuru mbele ya watu.

Jumapili, 16 Novemba
Baada ya misa niliacha kofia yangu ya nyasi ukutani. Sasa haina ukingo. Kipara ameubeba, uzi kwa uzi. Constantin ameniletea salamu: maarusi wameipokea zawadi. Delphine amecheka mpaka akakaa chini.

Jumatano, 26 Novemba
Jike amekalia mayai mawili, kwa Constantin. Saa nne Kipara humpokea zamu, naye jike huenda kunywa maji. Prefe hajala tangu jana. Anatazama mbali. Delphine ameniomba nimpeleke Prefe kule Kapolowe kwa dada yake Suzanne, mwenye majike watatu wapweke. Hapana! Nimelipima jambo hili kwa utulivu. Kosa ni la kizimba: kiko chini mno. Kesho nakipandisha juu ya paa, mlango uelekee kwa Constantin, ili jike akione vizuri kutoka pale alipokaa. Ni dhahiri kwamba bado anafikiri. Akishaamua, nitaandika.