Ombi la Kurudishiwa Ukungu wa Lenzi Yangu kabla ya Jumamosi

Studio Nuru,
Rumonge.

Kwa Ndugu Assumani, fundi wa saa, redio na kamera.
Nakala kwa shefu wa mtaa, asije akasema hakuambiwa.

Ndugu Fundi,

KUH: KUSAFISHWA KUPITA KIASI

Amahoro. Natumaini wewe na Kadidja na watoto ni wazima. Mimi si mzima, na sababu ni wewe.

Mwezi uliopita nilikuletea lenzi yangu ya zamani, ile ya chuma, niliyoinunua Bujumbura kwenye rundo la vitu vilivyotumika. Muuzaji aliniapia kwamba ilikuwa ya Mjerumani mmoja aliyepiga picha za viboko tu. Ndani ilikuwa na kuvu iliyotanda kama utando wa buibui, na pete yake ya kulengea ilikuwa imekwama. Kuvu nikaiacha, maana haikuwa imenikosea. Pete nikailainisha kwa mawese ya Kizuka, kama ambavyo mtu yeyote wa Rumonge angefanya. Joto letu unalijua. Mawese yakasafiri taratibu mpaka kwenye vioo, yakakaa humo pamoja na kuvu, na tangu hapo picha zangu zikawa na mwanga laini wa dhahabu ambao hakuna studio nyingine ya ukanda huu wa ziwa imeweza kuuiga.

Pete ilipokwama tena, nilikuomba kitu kimoja: uilegeze. Wewe ukafungua lenzi yote, ukafuta kuvu, ukafuta mawese, ukaosha kila kioo kwa spiriti, ukanirudishia huku unatabasamu. Sikukugombeza papo hapo kwa sababu ya heshima. Sasa naorodhesha madhara.

1. Maharusi. Zamani bibi harusi wangu alitoka kama aliyeshushwa kutoka mbinguni asubuhi ile, na mama yake akatoka na umri wa binti. Juzi bibi harusi mmoja wa Bugarama alipokea albamu akauliza picha zake ziko wapi. Nilipomwonyesha, alilia. Chunusi zote zilikuwepo, Fundi, ambazo mimi na Mungu tulikuwa tumekubaliana kutoziona.

2. Kwaya. Waimbaji walizoea kutoka na duara la nuru kichwani. Picha mpya haina nuru. Ina besi wa mstari wa nyuma anayetafuna muhogo katikati ya wimbo. Mchungaji ameniuliza kwa upole kama kuna dhambi ninayoificha. Nimemjibu kwamba dhambi ipo, ila imefanyika kwako, kwa spiriti.

3. Mke wangu Agneta. Nilimpiga picha mpya ili ile ya zamani ipumzike ukutani. Akaishika, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akasema: «Tarsisi, huyu mumama iko nani?» Hapo mwanamume mwenye akili angenyamaza. Mimi nilisema: «Ni wewe, ila fundi amekusafisha.» Tangu siku hiyo ndagala zangu, hawa dagaa wa ziwa letu, zinakuja mezani bila mchuzi, bila pilipili na bila neno.

4. Ng'ombe. Hayo matatu ningeyavumilia. Hili la nne linaninyima usingizi.

Unajua mahari inavyotolewa siku hizi. Familia zinaelewana kwa bahasha, lakini wazee bado wanataka kuona pembe kwenye picha. Kwa hiyo wengi humwazima ng'ombe wa Zabroni wa Kizuka, mnyama mpole, asiyeogopa kipaza sauti, anayejipanga mwenyewe mbele ya kamera. Amehudhuria sherehe nyingi kuliko mchungaji. Ndani ya ukungu wangu alikuwa ng'ombe yeyote, leo wa huyu, kesho wa yule, na wote wa dhahabu. Sasa ana doa jeupe usoni na sikio la kushoto lililopasuka, na hata mtoto akimwona mara moja atamtambua.

Jumamosi ijayo ni zamu yangu. Mwanangu Josias anamtolea mahari Dusabe, binti wa mzee Nduwimana wa Gitaza, na ng'ombe atakayesimama ni huyohuyo. Nilitaka kununua wetu. Sikuweza, na kuliandika hili naona aibu kuliko yote yaliyotangulia. Josias anampenda yule binti mpaka amejifunza kuanika ndagala. Sasa fikiria: Nduwimana ana picha ya mahari ya jirani yake, niliyoipiga kwa lenzi hii baada ya wewe kuiharibu kwa usafi. Ameitundika sebuleni. Atakaa chini ya ng'ombe huku anapokea ng'ombe. Atainua macho, atayashusha, na mwanangu atarudi Rumonge peke yake.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, yafuatayo:

(a) Unirudishie kuvu yangu. Kama umeshaitupa, tafuta nyingine ya ukoo huohuo. Kwenye redio zako za zamani haikosekani.

(b) Uyarudishe mawese. Mleta barua atakuja na lenzi pamoja na chupa ndogo ya mawese mapya ya Kizuka, si yale ya kuchanganya.

(c) Kama kazi hiyo imekushinda, utoe cheti chenye muhuri kwamba lenzi hii ni mgonjwa: kila ng'ombe inayemwona humtia doa jeupe usoni na kumpasua sikio la kushoto. Nitakisoma mbele ya wakwe kabla ya vinywaji.

(d) Ukiogopa muhuri, basi uje mwenyewe Gitaza, usimame mbele ya ile picha ya sebuleni, na usisogee mpaka sherehe iishe. Wewe ni mpana, utatosha.

Msalimie Kadidja, uwasalimie majirani wa kibanda chako wote, na yule mzee mwenye redio isiyopona.

Ni mimi, mwenye majonzi na lenzi safi,
Tarsisi Ndayisaba,
Mpiga picha.

Baada ya sahihi:

Nilikuwa natafuta bahasha mzee Nduwimana alipoingia studio, ile picha ya sebuleni ikiwa kwapani. Akaiweka mezani, akagusa lile sikio kwa kidole, na mimi nikakaa kitini bila kukaribishwa. Akaniita mkwe mwenzake: «Bamwana, huyu ng'ombe namujua. Wakati kijana yangu alioa, na sisi tulimuazima kwa Zabroni. Kwa picha yako ya zamani, hata mimi sikujua iko ng'ombe ao iko moto.» Akacheka mpaka akashika meza. Kisha akavaa miwani, akaonyesha tumbo. «Ona hapa. Iko na mimba. Huyu mumama asipandishwe mu gari mpaka Gitaza. Ndama ikizaliwa, utainunua polepole, itakuwa ya Dusabe. Jumamosi mulete picha tu. Lakini ikuwe hii yenye kuonekana muzuri.»

Nimelia kidogo, Fundi, na sioni haya kukuambia.

Basi futa ombi la (a), la (b) na la (d). Lenzi nabaki nayo jinsi ilivyo, asante, murakoze sana. Chupa ya mawese inakuja hivyohivyo, yatumieni kupikia ndagala. Cheti tu ndicho bado nakihitaji, tena leo. Pale palipo na ng'ombe weka Agneta, palipo na doa na sikio weka miaka, na muhuri uwe mkubwa.