Malkia Wangu Hasikii Kidole

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, hapahapa saluni kwangu, mtaani Chanji, mbele ya wateja. (Mimi ni kinyozi. Yule niliyemwacha na nywele nusu, samahani kaka.)

Iko hivi. Wiki tatu hizi nacheza chesi kwenye simu, zile gemu za dakika tatu tatu. Nilitaka kujua, hivi mtu akicheza harakaharaka, nyingi nyingi, anakuwa mkali kweli? Leo Mwalimu Desideri akapita saluni na chesi yake, nikaomba kujipima kwake. Mstaafu huyo ndiye anachagua timu ya kwenda kucheza Kaengesa Jumapili. Nafasi ilibaki moja.

"Shikamoo Mwalimu. Nikikufunga, nafasi yangu?"

"Marahaba. Yako. Ila hapa ukigusa kete, unacheza hiyohiyo."

"Haina shida!" (Shida ilikuwa njiani inakuja.)

Tukaanza. Yeye akiwaza hatua moja, wewe unamaliza kunyoa kichwa na ndevu. Mimi pa! pa! pa! Nikala farasi. Nikala askari wawili. Watu wakasogea. Fredi, mshikaji wangu wa bodaboda, akasema, "Kumbe simu inafundisha!"

Nikavimba.

Sasa kwenye simu ukibonyeza kete, vinatokea vidoti vinakuonyesha pa kwenda. Usipopapenda, unabonyeza nyingine. Basi nikambonyeza malkia. Kimya. Nikambonyeza tena, kwa nguvu.

"Unamwamsha?" Mwalimu akauliza.

Hapo ndipo nikakumbuka ni ubao. Wa mbao! Nikapeleka mkono kwenye ngome, kama vile hakuna kilichotokea.

"Ah ah. Umemgusa mama. Mtembeze."

Na huyo mama ndiye alikuwa anamlinda mfalme! Nikamtembeza, roho inauma. Mwalimu, kwa mara ya kwanza leo, hakuwaza. Farasi wake, tap. Mfalme wangu kwisha habari.

Fredi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Hebu nieleze gemu moja tu uliyofungwa kwenye simu," Mwalimu akasema. "Ulikosea wapi?"

Nikawaza. Gemu zote zile, sikumbuki hata moja! Nikifungwa huwa nabonyeza tu nyingine.

"Basi kilichofanya mazoezi ni kidole," akasema. "Kesho njoo. Tutacheza moja, tuirudie yote."

Na Kaengesa Jumapili naenda, msidhani siendi. Nimepewa kazi ya kubeba ubao. Ila nimekatazwa kuugusa tukishafika.